Miji Aliyoijua kwa Masikio

Kwa miaka thelathini na mmoja Bi Laini alizungumza na miji yote mikubwa ya nchi yake kila siku ya kazi, na hakuwahi kukanyaga hata mmoja. Alikuwa opereta wa simu katika mji mdogo wa katikati, mji ambao watu huupita wakienda kwingine. Nyaya nazo zilifanya vivyo hivyo. Mtu wa bandarini akitaka kuongea na mtu wa milimani, sauti yake ilibidi ipite katika chumba kimoja cha ghorofani, juu ya posta, chenye swichibodi ya mbao iliyojaa matundu, viti vitatu vya kuzunguka, na feni iliyogeuza shingo huku na huku kama mtu anayekataa jambo. Bi Laini alivaa vipokea sauti vyake, akachomeka plagi tundu hili, akachomeka nyingine tundu lile, akasema, "Zungumzeni," na watu wakazungumza.

Jina la Laini alilipata humo. Wengine walisema ni kwa sababu ya laini za simu, wengine wakasema ni ile sauti yake, maana hata mteja aliyeanza kwa kufoka alimaliza kwa kuomba radhi. Siku hizi wajukuu wanadhani bibi yao ameitwa jina la kadi ya simu, naye hawasahihishi.

Kwenye waya, lakini, opereta hakuitwa kwa jina lake. Aliitwa kwa mji wake: Bandari, Viwandani, Makao kwa mji mkuu, Juu kwa mji wa milimani. Yeye alikuwa Kati. Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza. Sheria ya pili ilikuwa nzito zaidi: opereta hasikilizi, na akisikia, hakusikia. Siku aliyoanza kazi, akiwa na miaka ishirini na miwili, alisimama mbele ya mkuu wa kituo, akainua mkono, akala kiapo kwamba neno la mteja litaingia sikioni mwake na kufia humo humo. Marehemu mumewe alikuwa akimtania kwamba ameoa kisima: unatupa jiwe, husikii hata maji.

Mitambo mipya ilipokuja, watu wakaanza kujipigia wenyewe, chumba kikafungwa, Bi Laini akapewa cheti na saa ya ukutani. Mumewe alikuwa amekwisha kupooza wakati huo, na kwa miaka tisa safari ndefu ya mke wake ilikuwa kutoka kitandani kwa mgonjwa hadi bombani. Mume akaondoka duniani, watoto wakaoa na kuolewa, na mama akabaki na nyumba yake, kuku wake, na magoti yanayotabiri mvua kuliko redio.

Alipotimiza miaka sitini na minane, watoto wake watatu wakachanga. Binti wa kwanza, ambaye ni muuguzi, akaja na swali.

"Mama, chagua. Friji jipya, au safari ya kuizunguka nchi?"

"Friji," Bi Laini akasema bila kupepesa.

Wakamnunulia safari.

"Friji ungekaa nalo ulitazame," binti akamwambia. "Umetazama ukuta wa matundu miaka thelathini, mama. Imetosha. Nenda ukaone hao uliokuwa ukiwaunganisha wanaishi wapi."

Safari ilikuwa ya siku nane na miji minne, ndani ya basi dogo la kampuni ya utalii lenye viti ishirini. Bi Laini aliongozana na mdogo wake, fundi cherehani wa sare za shule, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kuhitaji mafuta. Wasafiri wengine walikuwa mchanganyiko: wageni wanne kutoka ng'ambo, walimu wastaafu, maharusi wawili waliokuwa hawaoni dirisha wala mlima, na mzee mmoja nadhifu mwenye kofia ya nyuzi, aliyeishi nchi za watu miaka mingi na kurudi karibuni. Kila sentensi yake ilianza na "huko nje". Huko nje mabasi hayasubiri mtu. Huko nje barabara zinafagiwa kwa mashine. Kufikia adhuhuri ya siku ya kwanza, fundi cherehani alikuwa amekwisha kumbatiza.

"Bwana Nje ameshiba lakini?" alimnong'oneza dada yake mezani. "Au wali wa huko nje ndio wali?"

"Nyamaza, atakusikia."

"Asikie. Huko nje hawasikii?"

Mji mkuu ukampokea Bi Laini kwa barabara ya njia sita na majengo yaliyomfanya ashike kilemba. Kijana kiongozi wa safari, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi hadi kwenye vifungo, alisimama mbele na kipaza sauti akasoma karatasi yake: jengo hili lilijengwa lini, lina ghorofa ngapi, lile ni bunge, lile ni hospitali kuu ya rufaa. Bi Laini alisikiliza kama mwanafunzi wa mbele. Miaka yote ile, "Makao" ilikuwa kwake sauti ya haraka haraka ya mwanamke aliyekuwa na mafua ya kudumu. Kumbe nyuma ya sauti ile kulikuwa na haya yote: bustani zenye mabenchi, vijana na vitabu vyao wakikimbilia darasani, mafundi wakining'inia kwa kamba wakiosha vioo. Alipoiona hospitali ya rufaa aligeuza shingo mpaka basi likakata kona.

"Unamtafuta nani?" mdogo wake akamuuliza.

"Simtafuti mtu. Natazama tu. Si ndicho tulichokuja kufanya?"

Bandarini alisimama kwenye uzio wa gati akafumba macho.

"Haya sasa," mdogo wake akasema. "Mtu kalipiwa aje kuona, yeye anafumba."

"Ngoja kwanza. Nataka nihakikishe ni penyewe."

Winchi zikaguta, minyororo ikapiga chuma, mtu akapiga mluzi mrefu, na Bi Laini akatabasamu, maana ndizo sauti zilizokuwa nyuma ya Bandari kila alipoitika. Akafumbua macho. Meli zilikuwa kubwa kuliko mtaa wake mzima. Alihesabu makontena yanayopakuliwa hadi akachoka, akasema, si kwa mtu yeyote, "Na kila moja hapo, kuna mtu alipiga simu kwanza."

Bwana Nje, aliyesimama karibu, akasema huko nje bandari kama hii ingekuwa ya mafunzo tu. Kilichomshangaza Bi Laini ni kwamba maneno yale yalimuuma. Hakuwahi kujua kwamba bandari ile ni yake hadi mtu alipoidharau.

Siku ya tano wakapanda milimani. Barabara ilijizungusha kama mtu anayefunga mzigo, hewa ikapoa, watu wakavuta masweta. Kabla ya kuingia mjini basi likasimama kwenye daraja la mawe juu ya mto mpana, penye bamba la shaba lenye majina. Kiongozi akasimulia: miaka arobaini na mmoja iliyopita, mvua ilinyesha siku sita mfululizo, mlima ukamomonyoka, daraja la zamani likachukuliwa na maji, mji mzima ukakatika na nchi kwa siku nne. Majina kwenye bamba ni ya wahandisi waliojenga daraja hili jipya, askari waliovuka kwa kamba, na mkuu wa wilaya wa wakati ule.

"Lakini habari zikafika mji mkuu," akamalizia, "na msaada ukaja."

Mmoja wa wageni akauliza, kwa Kiswahili chake cha kujifunza vitabuni, habari zilifikaje kama kila kitu kilikatika. Kiongozi akageuza karatasi upande wa pili, akairudisha.

"Zilifika tu," akasema. "Habari huwa zinafika."

Bi Laini alikuwa ameshika ukingo wa daraja kwa mikono miwili. Mdogo wake aliona vidole vilivyokaza, akadhani ni kizunguzungu cha kimo, akamshika kiwiko, akampeleka kwenye basi.

Mchana ratiba ilisema maduka ya sweta na vinyago. Basi lilipokuwa likipita barabara ya katikati, kiongozi akaonyesha jengo la zamani la mawe lenye paa jekundu: posta ya kale, sasa imegeuzwa makumbusho madogo ya mji, lakini hatutashuka, muda hautoshi.

"Mwanangu," sauti ikatoka kiti cha tano. "Simamisha basi."

Haikuwa sauti kubwa. Lakini ilikuwa ile sauti ambayo kwa miaka thelathini na mmoja iliwaambia mawaziri wasubiri zamu yao, nao wakasubiri. Dereva akakanyaga breki kabla kiongozi hajageuka.

"Mama, ratiba..."

"Dakika kumi tu. Sweta hazitakimbia."

Wakashuka wote, wengine kwa udadisi, wengine kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na ngazi ya mbao inayolia kila hatua, na juu yake chumba kimoja kirefu. Ukutani palikuwa na picha za wakuu wa posta, mizani ya vifurushi, mihuri. Mwisho wa chumba, nyuma ya kamba nyekundu, ilikuwepo swichibodi: mbao ile ile, matundu yale yale, nyaya zimeviringwa vizuri kana kwamba opereta ameenda kunywa chai.

Bi Laini alikuwa bado mlangoni, nyuma ya migongo ya watu, hajaona kitu. Ndipo akasikia sauti ya mwanamke ikisema, kutoka upande wa mbele:

"Karibuni, karibuni. Msisukumane, mashine haiendi popote, na mimi siendi popote."

Ilikuwa sauti nzito kidogo, ya kukwaruza mwishoni, kama mlango unaofungwa polepole. Kwa miaka ishirini na miwili sauti ile ilimwamkia kabla mumewe hajamwamkia. Hakuwahi kuiona sura yake. Hawakuwahi kujuana majina.

Hakusogea. Kutoka pale mlangoni akasema tu, kwa namna ya kazini, "Juu, hapa Kati. Nipe laini ya hospitali."

Watu wakaangaliana. Mbele, nyuma ya kamba, mwanamke mfupi mnene mwenye mvi na sweta la kijani aliweka chini kijiti chake cha kuonyeshea.

"Kati," akasema taratibu. "Laini ya hospitali ina kelele leo. Utasubiri?"

"Nimesubiri miaka arobaini. Siwezi kushindwa na dakika."

Watu wakapisha. Yule mwanamke akainua kamba nyekundu badala ya kuizunguka, na hao wawili wakashikana katikati ya chumba, mmoja mrefu mmoja mfupi, wakicheka na kulia kwa zamu, kila mmoja akirudi nyuma kumtazama mwenzake kisha kumvuta tena.

"Nilikudhania mrefu," Bi Laini akasema.

"Mrefu ni wewe. Ulimdhania sahihi, umemkosea mtu."

"Unafanya nini hapa?"

"Walipoifunga posta wakataka mtu wa kuwaeleza wageni hii mashine. Nikawaambia mimi ndiye mashine. Siku mbili kwa wiki. Siku nyingine nalima vitunguu."

Fundi cherehani, ambaye kwa mara ya kwanza katika safari hiyo alikuwa amekosa la kusema, akalipata. "Dada. Huyu ni nani?"

"Ni mwenzangu."

"Mwenzako wa wapi, mbona simjui?"

Juu akamtazama huyo mdogo mtu, akamtazama Bi Laini, akaelewa. "Hukuwaambia," akasema. "Hata nyumbani?"

"Tulikula kiapo."

"Kiapo." Juu akavuta kiti kilichokuwa sehemu ya maonyesho, akakaa, akamvutia mwenzake kingine. "Njoo nikuulize, shoga. Tuliapa tusitoe maneno ya wateja. Siku ile ya mafuriko, mteja alikuwa nani? Daktari wa Makao hakumsikia daktari wa huku hata mara moja. Alikusikia wewe. Daktari wa huku naye hakupata neno ila lililotoka kwako. Maneno yote ya siku ile yalitoka kinywani mwako. Sasa umekuwa ukimfichia nani siri? Wewe mwenyewe?"

Bi Laini akafikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kuchomeka plagi. "Na yule mama mgonjwa? Mambo yake ni yake."

"Jina lake hatukulijua mimi wala wewe. Tutamtajaje?"

Kiongozi wa safari alikuwa ametoa kalamu. Wale walimu wastaafu walikuwa wamekaa sakafuni kama wanafunzi wao wa zamani. Bi Laini akatazama matundu ya swichibodi, akapata moja alilolitaka, akaanza kusema. Na kama kawaida ya watu wanyamavu, alipoanza alisema yote.

Asubuhi ile ya mafuriko laini zote za Juu zilikufa isipokuwa moja, waya mkuukuu uliozunguka nyuma ya mlima na kuingia kwake Kati. Saa tatu kamili taa yake ikawaka. Juu alikuwa anasema hospitalini kuna mama wa kujifungua, mtoto amekaa vibaya, lazima apasuliwe, na daktari mkubwa yuko ng'ambo ya mto ambako hakuna daraja tena. Aliyepo ni daktari kijana wa miezi mitatu kazini, ambaye upasuaji huo ameuona lakini hajawahi kuushika. Anataka bingwa wa hospitali ya rufaa ya mji mkuu amwongoze kwa simu.

"Nikampata bingwa. Nikaunganisha. Wakawa hawasikiani," akasema Bi Laini. "Ule waya ulikuwa hafifu. Mimi nikiwa peke yangu na Juu, namsikia. Nikichomeka Makao, sauti inazama. Nikajaribu mara tatu. Mara ya nne nikachomoa, nikawaambia wote wawili: semeni na mimi, nitasema nanyi."

Ikawa hivyo. Bingwa akisema, Kati anasikia sikio la kulia, anamwambia Juu upande wa kushoto. Huko hospitalini simu ilikuwa ukutani kwenye korido, waya wake umevutwa hadi ulipokoma, muuguzi amesimama mlangoni pa chumba cha upasuaji akipaza kila neno ndani. Neno halikuongezwa wala kupunguzwa. Bingwa akiuliza damu ni ya rangi gani, Kati anauliza damu ni ya rangi gani. Daktari kijana akisema mikono inamtetemeka, Kati akasema kwa bingwa, "Mikono inanitetemeka." Bingwa akacheka kidogo, akasema, "Mwambie na mimi yangu ilitetemeka mwaka mzima." Naye akamwambia, na kicheko akakitia humo humo, maana nacho kilikuwa sehemu ya dawa.

"Nilikuwa sijui nusu ya yale maneno. Nilikuwa nayabeba tu kama mayai. Mkuu wa kituo alisimama nyuma yangu na bilauri ya maji, hakuthubutu kunipa. Saa sita kasoro dakika ishirini, Juu akanyamaza. Nikamwita, kimya. Nikasema, laini imekufa. Halafu nikasikia mbali kabisa, kama paka chini ya nyumba."

"Mtoto," akasema fundi cherehani.

"Mtoto. Na mimi ilinibidi niseme, si ndiyo kazi. Nikamwambia bingwa: 'Daktari, analia.' Bingwa akauliza, 'Mama je?' Nikauliza. Wakasema anapumua vizuri, anaulizia ni wa kike au wa kiume."

"Alikuwa wa kike au wa kiume?" akauliza bibi harusi, aliyekuwa ameuachia mkono wa mumewe kwa mara ya kwanza tangu mji mkuu.

"Wa kike. Kisha taa nyingine ikawaka. Tajiri mmoja alitaka bei ya saruji. Nikamuunganisha."

Watu wakacheka, na kicheko kikawasaidia wale waliokuwa wanafuta macho. Lakini Juu hakucheka. Alikuwa ananyoosha kidole chake cha shahada mbele ya mwenzake, kidole kilichopinda kidogo kwenye kiungo.

"Kuna kitu hukukijua wewe," akasema. "Ile plagi yako ilikuwa haikai. Ardhi ilipotikisika usiku uliotangulia, tundu lililegea. Nikiiachia inatoka. Niliishikilia kwa mkono tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Mara moja tu nilibadili mkono, ndipo uliponikosa. Kidole hiki hakijanyooka tangu siku ile. Wajukuu huniuliza, nawaambia ni uzee."

Bi Laini akakishika kile kidole. Kwa miaka arobaini na mmoja aliamini kwamba siku ile waya mbovu ulimhurumia. Kumbe si waya. Akakaa hivyo, kidole cha mwenzake mkononi, na kifua chake kikajaa mpaka akaona kilemba kinabana. Alikuwa ameona bunge, meli na barabara za njia sita, na vyote alivipenda. Lakini hapo ndipo alipojua kilichoishikilia nchi yake siku ile, na kwamba yeye alikuwa upande mmoja wake.

Dakika kumi zilikuwa zimekuwa saa nzima. Aliyesimama kwanza ni Bwana Nje. Alikuwa amevua kofia, anaizungusha mikononi.

"Mimi nilikuwa nampigia mama yangu kila mwisho wa mwezi," akasema. Hakuanza na huko nje. "Nilikuwa nasimama kwenye kibanda, baridi kali, na kabla ya mama kulikuwa na dada wa simu anasema, 'Subiri kidogo, nakuunganisha.' Kuna miezi ambayo hayo ndiyo yalikuwa maneno pekee ya Kiswahili niliyoyasikia kwa mtu asiye mama. Labda ulikuwa wewe."

"Hapana, baba," Bi Laini akamjibu kwa upole. "Simu za nje zilipitia Makao. Yule mwenye mafua."

"Alikuwa na mafua kweli," Bwana Nje akasema, akacheka, akaivaa kofia ili apate kazi ya kufanya na mikono. "Basi nitakushukuru kwa niaba yake."

Sweta hazikununuliwa siku hiyo. Kiongozi alitangaza muda huru, akaja kumnong'oneza Bi Laini kama angependa kuonyeshwa mahali fulani. Alitaka hospitali. Wakaenda kwa miguu, Kati na Juu wameshikana mikono, fundi cherehani nyuma yao akimweleza muuza matunda, mshona viatu na askari wa zamu kwamba yule mrefu ni dada yake, tumbo moja. Alikuwa amekasirika kwa robo saa kwamba hakuambiwa. "Hata mimi?" alikuwa amesema. "Mimi niliyekuficha usipigwe ulipovunja mtungi?" Kisha hasira ikageuka fahari, maana hasira ingemnyima raha ya kusimulia.

Hospitali ilikuwa imeongezwa jengo jipya la ghorofa nne, lakini korido ya zamani ilikuwepo, sakafu nyekundu iliyosuguliwa hadi kung'aa. Juu akahesabu milango, akasimama.

"Simu ilikuwa hapa. Mlango ni huu."

Ukutani palibaki matundu mawili ya skrubu yaliyozibwa kwa rangi, na chini yake benchi la kusubiria. Wakaketi. Mlango ulifunguka na kufungwa, wauguzi wakaingia na kutoka, mwanamume mmoja kijana alikuwa anatembea huku na huko akijifinya vidole, yaonekana mkewe yuko ndani. Bi Laini akasogea, akampa nafasi, kijana akakaa bila kuwaona.

Muuguzi aliyekuwa na faili kifuani akawasimamia. "Shikamooni, mama zangu. Mna mgonjwa humu?"

"Marahaba, mwanangu," akasema Bi Laini. "Hatuna. Tumekuja kuona tu. Sisi ni watalii."

Muuguzi akatazama korido, akatafuta kinachotazamwa, asikione. "Karibuni basi," akasema.

Asubuhi yake, kabla ya kifungua kinywa kwisha, hoteli nzima ilikuwa inajua, kuanzia mpishi hadi mwosha magari, kwa kazi ya fundi cherehani. Kiongozi alikuja mezani na karatasi yake. Sehemu ya daraja alikuwa ameikata kwa mstari.

"Naandikaje, mama? Nataka kila kundi nitakaloleta walijue. Majina yenu kamili?"

"Andika maopereta wawili," Bi Laini akasema. "Na muuguzi wa mlangoni, usimsahau. Na yule daktari kijana. Jina ukiandika moja, mengine yataona wivu."

"Andika Kati na Juu," akasema Juu, aliyekuwa amefika na begi dogo. "Majina hayo tuliyafanyia kazi."

Begi lilikuwa kwa sababu basi lilikuwa na kiti kitupu, na Juu naye hakuwahi kuuona mji wa viwanda. Alikwisha mwambia mkuu wa makumbusho kwamba mashine inakwenda likizo. Bwana Nje aliwapisha kiti cha mbele, akahamia nyuma kwa maharusi.

Njia nzima kiongozi hakusoma. Alimpa Bi Laini kipaza sauti, naye akakishika kama mtu anayeshika chombo cha kazi yake, si karibu sana wala mbali. Akawaambia wasafiri mji waendao ulivyokuwa ukisikika: makarani wa viwanda vya nguo waliozungumza kwa kupayuka hata kimya kikiwa kimewazunguka, kwa sababu mashine zimewafundisha, wakurugenzi walioomba wasemewe wako mkutanini huku sahani zikigongana. Juu akadakia, akamsahihisha, akaongeza chumvi. Wale wageni wa ng'ambo walicheka nusu dakika baada ya wenzao, kila mara, na kila mara basi lilicheka tena kwa ajili yao.

Walipofika, Bi Laini alisimama kwenye kibaraza cha hoteli kilichotazama mabomba marefu na mapaa ya bati yasiyo na mwisho, watu wa zamu ya jioni wakimiminika mitaani kwa baiskeli. Hapo akampigia binti yake wa kwanza.

"Umefika salama, mama? Miji mizuri?"

"Mizuri mno. Mingine hata sikuitegemea. Uko kazini?"

"Ndiyo natoka."

"Usitoke kwanza. Tafuta mahali ukae, nina habari ya zamani ya kukupa, na ina hospitali ndani yake, utaielewa kuliko mimi. Mama yako mdogo asije akaniwahi."

Kutoka chumbani fundi cherehani akajibu kwamba dada yake amechelewa, yeye ameshamtumia binti ujumbe. Bi Laini akacheka, akavuta kiti, akampa ishara Juu asogee karibu ili naye asikike, akaanza upya tangu saa tatu kamili ya asubuhi ile.